Shajara ya ramani ya mtaro: kampeni ya udiwani Pemba

Jumatatu

Mwalimu amekubali. Kampeni yake ya udiwani haitaanza na fulana wala gari la matangazo, itaanza na ramani ya wadi. Pesa za fulana hatuna, kwa hiyo hapakuwa na mvutano mkubwa, lakini naliandika kwa sababu wiki iliyopita kamati nzima ilikuwa inazungumzia spika za kukodi. Mkuu wa vijana hata leo hajaridhika. "Mwalimu, ramani inaliwa?" Mwalimu akamwambia spika nayo hailiwi, tukaendelea na ajenda.

Mji siutaji jina. Kampeni bado mbichi na maneno husafiri. Ni mmoja wa miji ya Pemba, una bandari, umekaa kwenye mteremko, na katikati yake unashuka mtaro ambao ndio uliotuletea wazo hili.

Kwa wasio wa huku niseme utaratibu ulivyo. Mji wetu una Baraza la Mji, si Manispaa, na anayeliongoza ni mwenyekiti, ingawa vibarazani watu humwita meya na yeye huitika. Mpiga kura hamchagui. Siku ya uchaguzi mtu wa Zanzibar hupewa karatasi tano: ya Rais wa Jamhuri ya Muungano, ya Rais wa Zanzibar, ya mbunge, ya mwakilishi na ya diwani. Ya diwani ndiyo watu huipigia huku akili ishatoka nje ya chumba. Madiwani wakishaapa hukaa wenyewe wakamchagua mwenyekiti miongoni mwao. Mwalimu anakitaka kiti hicho wala hafichi. Kampeni yetu basi ina ngazi mbili: kwanza wadi, halafu ukumbi wa baraza, mbele ya watu ambao baadhi yao leo wanatupinga majukwaani.

Ngazi ya pili hakuna anayeitaja kwenye mikutano. Nimemwomba Mwalimu tuiweke mbele tangu leo, maana ndiyo itakayoamua tuahidi nini.

Jumatano

Nimeanza kwa kutafuta kama mji huu uliwahi kuchorewa mpango. Nilichokipata kwa wingi ni mipango ya Mji wa Unguja: wa Lanchester wa 1923, wa Kendall wa 1958, wa Wajerumani wa Mashariki wa 1968, na wa Wachina wa 1982. Minne hiyo husomeshwa vyuoni. Yote ni ya Unguja mjini. Sisi huku tulijengewa maflati enzi za Mzee Karume na barabara ya katikati, kisha kila mtu akajipangia.

Kilichotuokoa ni picha za angani. Mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi ilishirikiana na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, kurusha droni juu ya Unguja na Pemba, kazi iliyosaidiwa na Benki ya Dunia, na picha zikawekwa wazi kwa anayezitaka. Ni picha safi sana. Unaona bati moja moja, unaona mnazi na kivuli chake, na mtaro wetu unaonekana ukiteremka kutoka juu hadi kwenye mikoko. Mwalimu alivyoiona nyumba yake kwenye kompyuta alicheka, kisha akauliza kwa nini banda la kuku la jirani limeingia kwenye uchochoro. Nikamwambia hilo ndilo tunalolitafuta.

Kasoro ya picha ni umri wake. Sensa ya 2012 iliwakuta watu 406,848 Pemba nzima. Ya 2022 ikawakuta 543,441. Hao wote wanalala mahali, na hapa kwetu wengi wamelala bondeni. Kwa hiyo picha itakuwa msingi tu, nyumba mpya tutazitia kwa miguu.

Fomu tumeitengeneza kwenye KoboToolbox, ambayo ni ya bure na inajazwa kwenye simu hata pasipo na mtandao. Maswali matatu: nini kinakusumbua, wapi hasa, na kilianza lini. Mkuu wa vijana alitaka la nne, utampa nani kura. Tumelikata. Mtu wa Pemba ukimuuliza kura yake utaondoka na kikombe cha kahawa na kashata, basi.

Ijumaa, baada ya sala

Majibu ya mwanzo yameingia na Mwalimu ameyachapisha, akayapitia kwa kalamu nyekundu kama anayesahihisha madaftari. Pembeni ya kila lalamiko anaandika ni la nani. Maji hayafiki juu: ZAWA. Nguzo imeinama: ZECO. Barabara kubwa imechimbika ukingoni: Wakala wa Barabara. Kiwanja kimoja kimeuzwa mara mbili: Kamisheni ya Ardhi, au mahakama. Lori zinaziba njia ya kuteremkia bandarini: Shirika la Bandari, na polisi kidogo.

Lundo lililobaki upande wa baraza lilikuwa jembamba. Taka, mitaro ya mitaani, soko, wachuuzi, usafi, taa za baadhi ya njia. Mmoja wa kamati alikata tamaa waziwazi. Alisema tukienda na hayo watu watatuona wagombea wa ufagio, na wenzetu wanaahidi maji.

Hapa Mwalimu alisema neno ambalo nimeona niliandike: "Siahidi kitu ambacho bomba lake haliko mkononi mwangu." Nakubaliana naye, ila si kwa sababu ya ucha Mungu tu. Mgombea wa udiwani akiahidi maji, akishinda atakuwa anapiga hodi ofisi za watu miaka mitano, na kila mlango utamjibu kwa upole. Akiahidi mtaro, kuna kikao ambacho yeye ana kiti ndani yake, kuna fungu la bajeti analoweza kulisoma na kulipinga. Lundo jembamba lina meno.

Tumekubaliana: malalamiko yasiyo ya baraza hatuyatupi. Yatapangwa kwa ofisi na kila ofisi itapelekewa barua moja yenye ramani, kabla ya kura, kwa jina la wakaazi. Si ahadi, ni barua tu.

Jumamosi usiku

Karafuu zimeingia, na karafuu zikiingia kampeni hungoja. Mchana ukipiga hodi nyumba kumi unaitikiwa na paka. Watu wako mikarafuuni, na wale waliobaki mjini wanaanika. Bi mkubwa mmoja wa kamati ndiye aliyetwambia twende usiku kwenye kuchambua.

Tumekaa barazani kwa watu, taa moja juu ya mlango, jamvi katikati, na lundo la karafuu mbichi zilizoshuka jioni. Wanawake na watoto wakubwa wamelizunguka lile lundo. Unalishika shada, unalibana kiganjani, unalivunja kwa kiganja cha pili, karafuu inakwenda huku na konyo linakwenda kule. Vidole vinakuwa vyeusi na vinanata. Mikono haisimami hata mtu akiwa anagombana. Na mimi nilikabidhiwa shada langu, maana huruhusiwi kuuliza maswali huku umekunja mikono.

Pale ndipo mtaro ulipopata bei. Mama mmoja, nyumba yake ya tatu kutoka kalvati, alisema anaanika karafuu zake ukingoni mwa barabara kwa sababu uani kwake hakukauki. Maji ya mtaro yakijaa hupanda uani, na uani hubaki na unyevu wiki nzima. Usiku wa mvua huamka kunyanyua majamvi. Karafuu ikirowa baada ya kuanikwa hupoteza rangi, na kituo cha ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, hununua kwa daraja. "Basi mwanangu, huo mtaro wako unanila mimi kwa kilo." Nimeiandika kwenye fomu vilevile alivyosema.

Akaendelea mwengine: madereva wa gari za Chake wanawapigia honi kwa sababu majamvi yanakula nusu ya barabara. Madereva nao nimewahi kuwasikia stendi, hawana uovu, wanaogopa kukanyaga mali ya mtu. Sijawahi kuona andiko lolote la mpango wa mji linaloziwekea karafuu mahali pa kuanikwa, ilhali ndizo zinazoujaza mji watu na pesa kila msimu. Mpango wa mji wa Pemba usio na sakafu ya kuanikia umechorwa na mtu asiyelala hapa. Mwalimu amelitia hili kwenye daftari kwa herufi kubwa: UWANJA WA KUANIKIA. Kuna kipande cha umma nyuma ya soko ambacho kwa sasa ni jaa lisilo rasmi. Ukikisafisha na kukimwagia zege una sakafu ya karafuu miezi ya msimu, na gulio miezi mingine.

Wengine pale walikuwa wa upande wa pili kisiasa, wanajulikana. Hakuna aliyeuliza fomu ni ya nani.

Jumatatu

Leo bondeni, na babu mmoja ambaye nyumba yake ni ya zamani kuliko nyingine zote zilizomzunguka. Tulimpa shikamoo, akatuonesha kwa bakora. Pale penye msikiti mdogo palikuwa na kidimbwi. Pale penye duka la simu walikuwa wakilima mpunga. Kutoka pale hadi kwenye mikoko yote ilikuwa bonde la mpunga, na maji yalikuwa na njia yake pana, mtu anavuka kwa kupandisha kanzu. "Maji hayakutufata, mjukuu wangu. Sisi ndio tuliyafata."

Nikamuuliza watu walijengaje. Hakujibu moja kwa moja, alimwita jirani yake alete karatasi. Jirani ni kijana, fundi wa milango, alinunua miaka michache iliyopita. Karatasi ina mashahidi na saini, imekunjwa hadi mikunjo imetoboka. Imeandikwa kwamba ameuziwa minazi minne na msingi wa nyumba. Ardhi yenyewe haikutajwa hata mara moja. Na mwandishi wa karatasi ile alijua anachokifanya: baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ya Zanzibar ilifanywa ya umma, wakulima wakagaiwa eka tatu tatu, na hadi leo, kwa Sheria ya Umilikaji Ardhi ya 1992, mtu ana haki ya kuitumia ardhi, na ardhi inabaki ya umma. Kwa hiyo watu wanauziana vilivyo juu yake. Minazi minne yenyewe niliitafuta, nikaona mmoja.

Kutoka hapo huwezi kumwambia fundi yule amevamia. Amelipa, ana mashahidi, ana watoto watatu ndani. Wagombea wawili wa wadi za jirani wameshaanza kusema "bomoabomoa" kwenye mikutano yao, mmoja akiiahidi, mwengine akiitumia kuwatisha watu. Sisi tumeamua neno hilo lisitoke kinywani mwa mtu yeyote wa kampeni yetu. Ramani inaonesha nyumba nyingi zimeacha upenyo, kidogo kidogo, wa kupitisha mtaro uliojengewa kuta. Zilizokaa juu ya njia ya maji kabisa ni chache, na hizo zinahitaji mazungumzo ya mtu na mtu, fidia ikiwemo.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni makaro. Nyumba za ukingoni zimechimba makaro ya vyoo karibu mno na mtaro, mengine hayana hata sakafu. Maji yakipanda yanaonana na yaliyomo. Katika zama hizi kipindupindu kiliripotiwa Zanzibar mara ya kwanza 1978 na kimerudi mara nyingi tangu hapo. 2009 watu wa baadhi ya shehia za Unguja na Pemba walipewa hadi chanjo ya kunywa. Chanjo haizibi karo. Makaro tumeyapa alama yake kwenye ramani, nukta ya kahawia, na hiyo safu ya ramani hatutaichapisha hadharani. Hakuna anayetaka choo chake kijulikane mjini.

Alhamisi

Taa, stendi, soko. Nayapitisha haraka kwa sababu hayana fumbo. Taa zilizozimika zimehesabiwa na kuwekwa kwenye ramani. Stendi inahitaji kivuli na choo, kila mtu anasema hivyo na kila mtu yuko sahihi. Sokoni wauza samaki wanataka maji ya kuoshea na pa kuyamwaga, ambayo kwa sasa yanamwagwa, ndiyo, mtaroni.

Taka ndizo zilizotukalisha. Kampeni inataka kuahidi gari mara mbili kwa wiki. Nikauliza mafuta yatatoka wapi. Pendekezo likawa kila nyumba itoe ada ndogo ya mwezi, na wajane na wazee wasamehewe kwa orodha ya sheha. Mkuu wa vijana alisema mgombea hataji ada kabla ya kura, hiyo ni hesabu ya chekechea. Mwalimu akasema ataitaja, tena mkutanoni, na atauliza kwanza nani anataka gari. Nadhani atapoteza kura kadhaa kwa hilo. Sioni gari litakavyokwenda bila ya hilo.

Jumapili asubuhi

Vuli imebisha hodi. Usiku imenyesha mvua moja nzito ya kama saa nzima, na alfajiri nilikuwa mtaroni na utepe wa kupimia, pamoja na wanafunzi wawili wa skuli ya sekondari waliojitolea.

Matope huacha mstari ukutani, na mstari ule hauna chama. Tumepima kutoka chini hadi penye mstari nyumba kwa nyumba. Juu kabisa ya mteremko hakuna kitu, kuta kavu. Katikati, kifundo cha mguu. Kufika kwenye barabara kubwa, goti, na nyumba ya yule mama wa karafuu juu ya goti. Halafu, ukivuka barabara, ng'ambo yake tu, mstari unashuka ghafla. Kavu kabisa.

Hakuna haja ya kusomea uhandisi. Juu mtaro una upana wa hatua mbili na kina cha kiuno. Chini ya barabara kubwa maji yote hayo yanaingizwa kwenye bomba la saruji ambalo mtoto wa darasa la pili angepita kwa kuinama. Na hilo bomba nusu yake imejaa: makumbi, chupa za maji, pampasi, na makonyo yaliyoshuka na maji ya jana usiku. Mmoja wa wanafunzi aliingiza kijiti, akatoa kandambili. Maji yanasubiri zamu, na yanaposubiri hupanda nyumbani kwa watu.

Mchana nimetia vipimo kwenye ramani, buluu nyepesi hadi buluu nzito. Hii ndiyo karatasi ambayo kila mtu ameielewa bila kuelezwa. Mzee mmoja aliyekuwa akicheza bao aliitazama, akaweka kidole penye buluu nzito kabisa, akasema: "Hapa kwa shemegi yangu." Alikuwa sahihi.

Jumanne

Sasa mambo yamegoma kuwa rahisi. Nimeufuata mtaro kwenye ramani kutoka juu hadi baharini na kuandika kila kipande kina mwenyewe nani. Sehemu ya juu, ndani ya mitaa: baraza. Bomba chini ya barabara kubwa: watu wa barabara. Kutoka hapo hadi mikokoni: baraza tena. Mdomoni, penye mikoko: huwezi kukata hata tawi bila ya watu wa misitu na mazingira, na ni haki, mikoko ile ndiyo inayoshika udongo usiende wote baharini. Kila mmoja akikitazama kipande chake peke yake, kipande chake ni kizima.

Na zaidi: mtaro unapita wadi tatu. Maji yanazaliwa wadi ya juu, ambako paa na uwanja uliosakafiwa saruji vinaongezeka kila mwaka na hakuna anayeroa. Yanajaa kwetu. Yanatoka wadi ya chini. Diwani wetu akishinda na akazibua kipande chetu tu, atayaharakisha yafike kwenye bomba lilelile. Akiomba bomba kubwa peke yake, wadi ya chini, ambayo leo ni kavu kwa sababu sisi tunaroa, itapokea kila kitu kwa mkupuo, na diwani wao atakuwa na haki ya kupiga kelele.

Kwamba mtaro wa kweli unawezekana hatubishani. Mradi wa huduma za miji wa Zanzibar, ZUSP, ulioidhinishwa na Benki ya Dunia 2011 kwa dola milioni 38, ulijenga mitaro mikubwa Mji wa Unguja, na Chake, Wete na Mkoani zilikuwamo ndani ya mradi kwa mambo yake. Lakini hakuna mradi unaokuja kumchukua diwani mmoja na kipande chake. Huchukua mji wenye karatasi moja inayosomeka.

Nimempelekea Mwalimu pendekezo hili usiku huu: ramani tuwape wagombea wote wa wadi tatu. Wa vyama vyote. Kabla ya kura.

Jumatano

Kikao kimevunjika mara mbili kwa sala na mara moja kwa hasira.

Hoja ya mkuu wa vijana si ya kijinga na naiandika kwa haki yake. Vijana wetu wametembea juani, wamepima matope, wamechambua karafuu za watu. Ramani ndiyo mali pekee ya kampeni hii. Mpinzani akiipata ataibandika picha yake juu, ataisoma mkutanoni, na sisi tutabaki kusema "ile yetu ile". Alisema pia, na hapa sauti ilipanda, kwamba siasa za Pemba si mchezo, watu wamezikana kwa sababu ya kura, na wewe unataka kugawa karatasi barazani.

Mwalimu alimwacha amalize. Kisha akamuuliza madiwani wangapi watapiga kura ya mwenyekiti. Wote. Na bajeti ya mtaro itapitishwa na wangapi. Wote. "Sasa siku hiyo nitawaonesha kitu ambacho hawajawahi kukiona, waseme kimetoka kwangu wakikatae?" Akasema anawataka wakiingia ukumbini wawe wamekwisha kuiahidi wenyewe, kwa midomo yao, kwa watu wao, na hapo hata wakimchagua mwengine kuwa mwenyekiti mtaro una wenyewe.

Mimi niliongeza moja tu: safu ya makaro na majina ya waliojaza fomu havitoki. Hilo halikuwa na mpinzani.

Tumepiga kura wenyewe. Imepita, kwa tofauti ndogo. Mkuu wa vijana hakuondoka, ila amesema yeye hatazipeleka kwa mkono wake. Sawa.

Jumamosi

Karatasi zimechapishwa kwenye duka la stationari la karibu na stendi, ukubwa wa A3, bila rangi ya chama chochote. Kuna mtaro wote na wadi tatu, mstari wa matope wa Jumapili, bomba lililoziba, uwanja wa kuanikia nyuma ya soko, na chini vipande vya mtaro na ofisi ya kila kipande. Jina la Mwalimu halipo. Alilikataa mwenyewe, na nadhani hapo alizidi. Mtu akifanya kazi si dhambi jina lake likaonekana. Lakini ndiye mgombea.

Masheha tumewaachia nakala kwanza, kwa heshima na kwa usalama, wasije wakasikia mjini kwamba kuna watu wanapima nyumba.

Mgombea mmoja wa wadi ya chini amekataa kupokea. Alikuwa na watu wake pale, na sijui angefanya nini kingine mbele yao. Mwengine amepokea, akaikunja, akaitia mfukoni bila kuifungua. Wa tatu, dada wa wadi ya juu ambaye sikuwa namtarajia, aliiweka juu ya bao la duka lake akaisoma hadi mwisho, akauliza kwa nini hatukutia uwanja mpya wa saruji unaomwaga maji yote upande wa skuli. Tulikuwa hatujafika huko, ni wadi yake. Akasema atatutumia vijana wake na simu zao.

Jumatano

Vijana wake walikuja kweli. Nimewafundisha fomu barazani kwa Mwalimu, wakanywa chai, wakaondoka na kofia zao za rangi isiyo yetu, na mtaa mzima uliwaona. Maneno yamekuwa mengi. Mkuu wa vijana alikuwepo. Kwanza alikaa mbali, kisha akaona wanashika simu vibaya wakati wa kuchukua alama ya mahali, akaenda kuwaonesha.

Kwenye mkutano wa jioni Mwalimu ameitaja ada ya taka. Kulikuwa na mguno, halafu mama mmoja akauliza kama gari litafika hadi uchochoroni kwake au litaishia barabarani. Mwalimu akajibu kwamba uchochoro wake hauna upana wa gari, utahitaji mkokoteni, na ameshaupima.

Vipimo vya wadi ya juu vimeingia usiku huu. Karibu theluthi ya maji yanayotufikia yanapita upande ule wa skuli, na mtaro wa kuyagawa ungekuwa mfupi kuliko wowote tuliouchora. Toleo la pili la ramani linakwenda kuchapishwa Jumatatu. Dada wa wadi ya juu amesema nusu ya gharama ni yake, na yule aliyeikunja akaitia mfukoni ametuma mtu kuuliza kama kuna nakala nyengine, ile ya kwanza imerowa.